Evaristo Jusayú, Mlinzi wa Jipu la Mjomba Wake

Wazee wa ukoo wa Jusayú, wakwe zetu wa Pushaina mliokuja na mbuzi wenu, majirani wa Pozo Amargo, na nyinyi mama zangu mliojifunika vitambaa usoni tangu alfajiri, mimi ni Leandro, mtoto wa Amparo, dada mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa marehemu ni mjomba wangu na mimi ndiye mrithi wake, nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake kabla kaburi halijazibwa. Nimeambiwa nisome tarehe tu, nisiguse habari ya maji wala ya jipu, lile gari. Nitazigusa zote mbili, maana ukiziondoa hizo, mtu mwenyewe hapatikani.

Marehemu Evaristo alizaliwa hapa hapa Pozo Amargo tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa bibi yetu Carmelina, wakati kisima chetu kilikuwa bado kinatoa maji ya kunyweka. Alipelekwa shule ya bweni ya masista, Uribia, Februari 1969, akasoma miaka minne, akajua kuandika jina lake na kugawanya kwa mafungu, kisha akatoroka kwa miguu siku mbili mpaka nyumbani, na hakuna aliyeweza kumrudisha. Mwaka 1977 alianza kazi ya chumvi huko Manaure, akibeba magunia mgongoni, chumvi ikampasua vidole, na nyufa zile alikuwa nazo mpaka juzi tulipomwosha.

Tarehe 11 Januari 1982 mjomba wake, mzee Tiburcio Jusayú, alirudi kutoka Maracaibo na jipu la mwaka 1978 lenye rangi ya mchanga, akamwachisha kazi ya magunia na kumfanya utingo wake, baadaye dereva. Walipakia watu, mbuzi na mapipa kati ya hapa na Uribia, wakikatiza uwanda wa chumvi ambao nusu ya mwaka unaingiliwa na bahari, na nyinyi mnaoijua njia ile mnajua kuwa gari likipita pale miaka minne bila kutunzwa, sakafu inatoboka, unaiona barabara katikati ya miguu yako. Mzee Tiburcio alimfundisha kuligonga jipu kila asubuhi kwa mpini wa nyundo, kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, akisikiliza, kwa sababu kutu huanzia ndani, jicho halifiki, na bati zima hulia wakati bati lililoliwa husema puu.

Marehemu alifunga ndoa na Ermelinda Pushaina tarehe 20 Februari 1988, tukapeleka mbuzi sitini, mikufu mitatu na nyumbu mmoja wa mizigo aliyekuwa mvivu kuliko wote duniani, na wakwe zetu hawajaacha kututania kwa ajili yake mpaka leo. Walijaliwa watoto wanne, Nereida, Osvaldo, Yamile na Fredy, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Sasa naingia pale nilipokatazwa. Tarehe 3 Juni 2006 mzee Tiburcio alifariki ghafla akiwa kwa wakwe zake, ng'ambo ya uwanda wa chumvi, akazikwa huko kwa mara ya kwanza, kaburi likazibwa kwa saruji kama ilivyo ada yetu, lisubiri mwaka ambao mifupa itatolewa, isafishwe na iletwe kwenye makaburi ya mama zake. Siku ya kumi na mbili, mchana wa jua kali, marehemu alikuwa amelala kwenye machela yake ya kuning'inia, mjomba wake akamjia, amesimama penye mlango wa kushoto wa jipu, ameshika kitasa, akamwambia:

"Mifupa yangu isipande gari lingine. Hili likioza kabla sijafika, nitabaki njiani."

Kwetu maiti akiomba ndotoni hapewi udhuru, hupewa alichoomba, kwa hiyo tangu siku ile marehemu alikuwa na kazi moja tu duniani, kuzuia kutu mpaka mwaka wa mifupa, na mwaka wenyewe hakuna aliyeujua. Kila akivuka uwanda alilala chali chini ya jipu na kuliosha kwa maji baridi ya kunywa, chasisi, ndani ya madigadi, kila kona inayoshika tope la chumvi, akasugua kwa brashi ya waya palipochubuka, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na yote hayo kwa maji ya lori lililokuja mara moja kila wiki mbili, pipa moja kwa kila nyumba. Ndoo mbili za jipu zilitoka kwenye pipa hilo hilo, na nyumba ilikuwa na vinywa sita.

Mama Ermelinda alivumilia mpaka Mei 2010, na ameniruhusu niseme alichosema siku aliyoondoka, tena amesema nikikosea neno atanisahihisha mbele yenu. Alimwambia mumewe, "Wanangu wanakunywa makombo ya gari. Ungenioa mimi ukaliacha jipu, au ungelioa jipu ukaniacha kwetu." Akachukua watoto wote wanne, akaenda kwa mama yake, na marehemu hakumfuata, kwa sababu siku hiyo alikuwa ametoka kuvuka uwanda na jipu lilikuwa bado halijaoshwa. Jamani, nilimchukia mjomba wangu siku ile, sitawadanganya.

Na laiti kazi yenyewe angeifanya ipasavyo. Mwaka 2008 marehemu alifanya kosa ambalo nadhani sisi tu tungelifanya, aliona kaburi la mjomba wake limezibwa kwa saruji kisipenye kitu, akasema basi na gari lake lizibwe vivyo hivyo, akavijaza lami vile vitundu vilivyo chini ya milango na chini ya vizingiti, vitundu ambavyo kazi yake ni kutoa maji, akiamini anaifungia chumvi nje. Alikuwa anaifungia ndani. Miaka miwili baadaye, wakati wa jua la mchana, jipu likiwa limesimama, hakuna mtu wala upepo, mlango wa kushoto ukaanza kugonga.

Sikuambiwa na mtu, nilisikia mwenyewe, na wengi wenu mlisikia mkanyamaza. Ulikuwa mlio mdogo wa kugonga, wa polepole, mara tatu, kimya, mara tatu, kama mpini wa nyundo juu ya bati, ila ulitoka upande wa ndani. Marehemu akaja akaugonga mlango kwa nje, na mlango ukamjibu. Alikaa mwaka mzima na sauti hiyo, hakula vizuri, akaongeza lami, mpaka mama yangu Amparo, ambaye ndoto za ukoo huu zote hupitia kwake, alipokuja akaweka sikio kwenye mlango, akalitoa haraka, akasema, "Evaristo, umemfungia mjomba wetu na bahari humo ndani. Mfungulie, anazama."

Tarehe 8 Novemba 2011 mlango ulifunguliwa, nami ndiye niliyeshika beseni. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, mazito, yenye harufu ya ufuo, yakajaza beseni la kwanza, la pili na la tatu, kutoka kwenye mlango ambao unene wake hauzidi kiganja changu, na mpaka leo sijui yote hayo yalikaa wapi. Tulipobandua bati la ndani tulikuta limeliwa lote, unaligusa linakuwa unga, isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa kiganja cha mtu, iliyobaki nyeupe kabisa kana kwamba kuna aliyeizuia kwa mkono wake. Marehemu alilia mbele yangu bila kujificha.

Tangu hapo alibadilika. Aliviondoa vizibo vyote vya lami, akatoboa vitundu vikubwa zaidi, akachomelea bati jipya, akamimina ndani ya kila uwazi mchanganyiko wa oili chafu na mafuta ya mbuzi yaliyoyeyushwa, na baada ya kila safari aliiacha milango wazi juani, vitambaa vya sakafuni vimetolewa, ili maji yatoke na bati likauke lenyewe. Ndoo mbili zikawa moja, kisha nusu. Ndoo iliyookoka aliibeba kichwani mpaka kwa mama mkwe wake, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi, na alifanya hivyo kila wiki mbili mpaka tarehe 2 Aprili 2012 Mama Ermelinda aliporudi na watoto, kwa sharti kwamba maji ya jipu yatapimwa na yeye.

Ukame ulimaliza mbuzi, karamu ya mifupa ikaahirishwa mara nne, jipu likaendelea kudai. Hatimaye, Alhamisi tarehe 16 Machi 2017, mama yangu aliifukua mifupa ya mzee Tiburcio, akaisafisha kwa mikono yake, ikafungwa kwa kitambaa cheupe, ikawekwa kiti cha mbele. Mimi nilikaa nyuma. Mlango wa kushoto uligonga njia nzima kwenye uwanda, mara tatu, kimya, mara tatu, marehemu akaendesha bila kugeuka, na tulipofika hapa na kina mama wakaupokea ule mzigo, mlio ule ulikoma. Marehemu alichukua nyundo, akaligonga jipu pande zote kama alivyofanya maisha yake yote, na bati zima lile halikulia, lilikuwa kama udongo. Akasema, "Ameshuka," akaitupa nyundo kisimani.

Hakuliosha tena. Msimu huo huo kutu ilitokea kila mahali kwa pamoja, hata juu ya paa ambako chumvi haikuwahi kufika, na marehemu naye akaanza kukohoa, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alivuta unga wa kutu na wa msasa bila kufunika mdomo, na kikohozi alikificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alilazwa hospitali Riohacha tarehe 14 Januari 2019, na siku niliyomwendea na habari kwamba nimenunua brashi mpya ya waya nilitunze jipu lake, alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniambia:

"Liache life. Na mimi nikishakufa, nikikujia ndotoni nikaomba mifupa yangu ipande gari lile, nikatalie, Leandro. Nikatalie hata nikilia."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyemlowanisha midomo kwa pamba hadi mwisho, madereva wenzake wa Uribia waliomleta bila kusimama njiani, dereva wa lori la maji aliyetuongezea pipa la msiba, na majirani waliokesha nasi na kulia nasi.

Neno la mwisho ni langu, halikuandikwa na wazee. Jana mchana nililala kidogo kwenye machela yangu, na mjomba alikuja. Alisimama penye mlango wa kushoto, ameshika kitasa, midomo imekauka, akaniomba lile lile alilosema ataliomba. Najua mnachofikiri, najua anayemkatalia maiti anajitafutia nini, na ninyi wazee mtanihukumu mkitaka. Nilimkatalia. Alilia kweli, jamani, alilia kama mtoto, nami nilisimama palepale nikimkatalia mpaka akaachia kitasa.

Asubuhi ya leo pipa zima limekwenda jikoni, wajukuu wake wamekunywa mpaka wamesaza. Pumzika, mjomba, na usirudi kuniuliza habari ya jipu.