Hakukuwa na Semina: Maisha ya Daktari Taratibu

Marehemu tuliyekuja kumsindikiza leo, ambaye wagonjwa wake walimwita Daktari Taratibu, ameandikiwa wasifu mara mbili. Wa kwanza uliandikwa na kamati ya mazishi. Ulikuwa mfupi na safi, na mtu aliyeelezwa ndani yake hakufahamika na yeyote aliyewahi kuishi naye: bwana mmoja asiyecheka, mpenzi wa "kusoma vitabu na kufuatilia taarifa ya habari". Wa pili ni huu. Umeandikwa na binti yake wa kwanza kwa ruhusa ya mjane, na sababu ya kuandikwa upya itajulikana tutakapofika kwenye ndoa yake. Wenye haraka wavumilie. Marehemu mwenyewe hakuwahi kumharakisha mtu.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili nyuma ya stesheni. Baba yake aliongoza treni kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kila treni ilipopita nyumba ilitikisika na vikombe vikagongana kabatini. Kaka yake mkubwa, aliye nasi hapa, anakumbuka vizuri: "Sisi tulikuwa tunakimbilia kushika vikombe. Yeye alikuwa anakaa chini, anangoja vianguke."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1977 akahitimu shahada ya udaktari wa meno. Akiwa chuoni alitazama filamu iliyosifiwa sana na wanafunzi wenzake, Zimwi la Bwawani. Kwa maelezo yake ilikuwa filamu nzuri, iliyotengenezwa kwa ustadi, naye hakuitazama tena. Mwishoni mwa filamu hiyo zimwi linateketea kwa moto, linakuwa majivu, na majivu yanapeperushwa na upepo. Tunaomba jambo hilo likumbukwe.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika hospitali ya serikali, chumba cha mwisho cha korido, mlango unaofuata baada ya stoo ya mashuka. Mwaka 1990 alifungua kliniki yake mwenyewe ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2012. Jina lake la utani lilitokana na neno alilolitamka kabla ya sindano ya ganzi, baada ya sindano, na wakati jino likitoka: "Taratibu, taratibu." Haikujulikana kama alimwambia mgonjwa au alijiambia mwenyewe.

Jambo moja alilishika kama kiapo. Hakucheka kinywa cha mtu. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyezoea kuzungumza kiganja kikiwa mbele ya midomo, alikaa kwenye kiti chake akasema, "Daktari, naomba usinicheke."

"Mama," alimjibu, "duniani kuna kinywa kimoja tu cha kuchekesha, na si chako. Hebu fungua."

Hakusema ni cha nani. Mwalimu huyo alitabasamu bila kiganja kwa miaka mingi baada ya hapo, na juzi alipokuja kutupa pole bado alikuwa anauliza: hicho kinywa kilikuwa cha nani? Tunamjibu leo.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1983. Bibi harusi alikuwa hakimu kijana wa mahakama ya mwanzo. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila aliyewauliza walikutana wapi alipewa jibu moja: katika semina ya magonjwa ya fizi, Agosti 1981. Wazee wa pande zote mbili walilipokea jibu hilo kwa furaha, maana lilikuwa na adabu zote. Watoto wao watatu walilelewa juu yake. Hata ushahidi ulikuwepo: kwenye rafu ya sebuleni palikuwa na mkanda wa video, na juu ya kasha lake, kwa mwandiko wa marehemu, maneno "Semina ya Fizi, Sehemu ya Pili". Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ndoa yao wazazi walifunga mlango na mapazia wakautazama. Watoto walikaa ukumbini wakiamini kwamba hakuna watu waliowahi kupenda fizi kiasi kile.

Mwaka 1996 kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitano, alichungulia tundu la ufunguo. Akarudi amekodoa macho.

"Dada," alisema, "fizi zina mkia."

Tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena, na familia nzima ilijua kilichokuwa ndani ya kasha: Zimwi la Bwawani, Sehemu ya Pili, filamu mbovu kuliko zote ambazo macho yetu yamewahi kuziona. Zimwi lililokuwa majivu linaibuka kutoka majini likiwa zima, na hakuna anayeeleza kwa nini. Ni mtu ndani ya vazi la mpira lenye zipu mgongoni. Mkia unavutwa kwa kamba. Daraja linaporomoka kabla halijaguswa, na hapo marehemu alisema kila mwaka, kwa sauti ya kulihurumia, "Daraja lina adabu hili." Umati unaokimbia ni watu wale wale tisa, mara kulia, mara kushoto, na mmoja wao, mwenye kofia nyekundu, anakanyagwa na kufa mara tatu. "Pole yake," alisema marehemu. "Kafa tena."

Mwanawe wa pili, ambaye ni mhandisi wa barabara, hakuweza kustahimili. "Baba, daraja haliwezi kuanguka hivyo. Mtu mwenye akili zako unatazamaje kitu hiki?"

"Mwanangu, filamu nzuri haina shida na wewe. Uwepo usiwepo, inakwenda. Hii, tusipoisaidia, haifiki mwisho. Sogea uisaidie."

Naye mhandisi alisogea.

Nje ya nyumba, hata hivyo, marehemu alilificha jambo hili kama mtu anavyoficha deni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili ya chama cha madaktari wa meno, akiogopa kwamba wenzake wangemdharau na wagonjwa wasimfungulie kinywa. Ndiyo maana kamati yetu ya mazishi, iliyoketi Jumanne sebuleni kwake chini ya rafu ile ile, iliona ni heshima kuendelea kumfichia. Neno lililotumika kikaoni lilikuwa "upuuzi". Kwa heshima zote kwa waliolitumia: tumewazika watu wengi waliosifiwa kwa kupenda mpira, na hakuna aliyewahi kuuliza kama timu zao zilicheza vizuri. Mtu aliyejizuia maisha yake yote asicheke vinywa vya binadamu, akaweka kicheko chake chote kwenye kinywa kimoja cha mpira, anastahili walau asizikwe pamoja na barakoa.

Mwenyekiti wa kamati, kaka yake mkubwa, alimwambia binti mwandishi kwa upole, "Mwanangu, watakuja madaktari, watakuja mahakimu. Usimame mbele yao uwasomee habari za zimwi? Toa hayo. Tuachie ile semina, inatosha."

Ndipo mjane, aliyekuwa ameketi pembeni tangu mwanzo wa kikao, alipotua kikombe chake.

"Shemeji, hakukuwa na semina."

"Unasemaje, wifi?" aliuliza dada wa marehemu.

"Tulikutana sinema. Mimi nilimwambia mama nakwenda kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mgonjwa naye hakukuwepo."

Kisha akasimulia. Ilikuwa Jumatano alasiri, tarehe 19 Agosti 1981. Marehemu aliwaaga wenzake hospitalini kwamba anakwenda semina, akaketi safu ya nyuma kabisa na kola ameinua. Hakimu naye alikuwa safu mbili mbele yake, amejitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Nusu ya watazamaji waliondoka daraja lilipoanguka, waliobaki wakaondoka zipu ilipoonekana. Katika ukumbi wakabaki wao wawili, kila mmoja akiomba mwenzake atoke kwanza. Ndipo zimwi likapanua kinywa ili limmeze meya wa mji, na daktari kijana akajisahau.

"Magego ya ng'ombe!" alipaza sauti. "Halina hata chonge moja! Zimwi hili linakula majani!"

Kutoka chini ya mtandio sauti ikamjibu, "Basi linasingiziwa. Kesi haina ushahidi."

Walicheka mpaka taa zikawashwa. Mlangoni daktari aliuliza, "Utamwambia mtu umeniona hapa? Kazini wanajua niko semina."

"Nimekuona wapi? Wewe si uko semina?"

"Na wewe?"

"Niko kwa mgonjwa."

"Anaendeleaje?"

"Leo ana nafuu kubwa."

Kaka wa marehemu alivua miwani. "Kwa hiyo mlioana kwa sababu ya magego ya ng'ombe?"

"Watu wameoana kwa sababu mbaya zaidi, shemeji. Nimezisikiliza zote mahakamani." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nimewaapisha watu zaidi ya miaka thelathini waseme kweli mbele yangu. Uongo wa semina tuliutunga wawili, tukiogopa watu. Sasa mwenzangu hayupo, na mnataka niubebe peke yangu mpaka kaburini kwake. Sitaweza. Mkitoa zimwi, nitoeni na mimi. Tuliingia pamoja."

Hoja ya kutoa zimwi haikupata wa kuiunga mkono. Mkanda ule, kasha lake na maandishi yake ya uongo mtaviona leo nyumbani, mezani, mahali ambapo kamati ilikuwa imepanga kuweka vyeti.

Marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho mwezi Aprili 2024. Daktari alipomaliza kumweleza, marehemu alisema, "Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tatizo ni kwamba hili la kongosho hatujuani nalo." Alitibiwa kwa uvumilivu, akalazwa mara kadhaa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Wodini alitazama filamu yake kwenye simu ya mjukuu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Mgeni mmoja, ambaye yuko hapa na anajijua, alituvuta pembeni kutuonya kwamba si vizuri mgonjwa wa namna ile kuchekacheka. Tunamjibu sasa, kwa kuwa siku ile tulishindwa: vitanda vya jirani vilikuwa vikiomba sauti iongezwe. Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu alibaki amesimama mpaka daraja likaanguka. "Lakini halijaguswa!" alisema. Marehemu alimtazama kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi.

Maumivu yalipozidi, mkewe alimuuliza kama anaogopa. Alimwonyesha yule mwenye kofia nyekundu. "Huyu kafa mara tatu, na mbio za mwisho yumo. Mimi nitashindwa na mara moja?"

Jumatano, tarehe 5 Novemba 2025, alasiri, walitazama pamoja nyumbani, mikono yao ikiwa juu ya blanketi moja. Macho yake yalikuwa yakifumba. Mkewe akauliza kama azime. "Acha," alisema. "Bado wa kofia mara ya tatu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia. Alifariki kesho yake, Alhamisi asubuhi, usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja, dada mmoja, na idadi isiyojulikana ya watu wanaotabasamu bila kuweka kiganja mdomoni.

Baada ya mazishi wote mnakaribishwa nyumbani. Saa tisa alasiri filamu itaonyeshwa sebuleni, mapazia yakiwa wazi, na haitakatwa popote. Tulimuuliza mjane kama kiti cha marehemu, kile cha karibu na dirisha, kiachwe wazi. "Kikaliwe," alisema. "Kinachotazamwa ni filamu, si kiti." Kimeombwa na kaka yake, ambaye anasema ni kwa sababu ya macho. Alipokuwa akitoka kikaoni Jumanne aligeuka mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini si liliungua lile? Sasa limerudije?"

Swali hilo sisi watoto tulimuuliza marehemu mwaka ule mlango ulipofunguliwa. Alijibu bila kuondoa macho kwenye runinga: "Kuna watu walikuwa wanalingoja."

Baba, namna utakavyorudi kwetu haijaelezwa. Wanaokungoja tupo, na tumesogea tukakuachia nafasi.

Apumzike kwa amani. Taratibu, kama alivyozoea.