Chumba cha Viti Vibovu

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbunge alikuwa anasubiriwa kwenye kona ya kinyozi kuja kuzindua taa moja ya barabarani. Jua lilikuwa limeshatoka, kwa hiyo hakuna aliyejua taa hiyo itazinduliwaje. Kwenye benchi la mbele ya duka walikaa watu wale wale wa kila siku: Kinyozi mwenyewe, ambaye hakuwa na mteja, Gia, dereva wa malori aliyestaafu, na Bi Birika, muuza kahawa, ambaye hukalia ndoo iliyopinduliwa lakini huhesabiwa kuwa wa benchi. Wa nne alikuwa Soli, fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka. Soli aliingia nchi hii akiwa mkimbizi. Dada yake, pamoja na watoto wawili, bado yuko kwenye kambi ya wakimbizi nchi nyingine. Wameshahojiwa, wameshapimwa, wameshakubaliwa. Kilichobaki ni Bunge: Alhamisi litapiga kura kuamua kama mpango wa kuwapa wakimbizi makazi uendelee au ufungwe. Ukifungwa, safari ya dada imekwisha kabla haijaanza. Soli alikuwa ameomba dakika moja na mbunge, akapewa. Benchi likaamua kwamba dakika hiyo ifanyiwe mazoezi.

– Sasa nani atakuwa mbunge? aliuliza Gia.

– Kinyozi, alisema Bi Birika bila hata kuinua macho.

– Kwa nini mimi?

– Mkeo anakuomba utoe vile viti vibovu kwenye chumba cha nyuma tangu Gia ana meno yote. Kila siku unamjibu vizuri, kila siku viti viko palepale. Huo ndio ubunge wenyewe, baba.

Kinyozi alijifunga shuka ya kunyolea shingoni, akakunja nne, akatazama mbali kama mtu anayengojewa sehemu nyingine.

– Haya, mwananchi. Sema.

Soli alisimama. Vidole vyake vilikuwa na gundi.

– Habari za asubuhi, mheshimiwa. Mimi ni fundi viatu wa hapa. Nina dada yangu…

– Kwa kifupi. Nina taa ya kuzindua.

– Dada yangu yuko kambini na wanawe wawili. Nakuomba Alhamisi upige kura ya ndiyo.

– Tumelipokea. Tutalifanyia kazi.

– Lini, mheshimiwa?

– Kwa wakati muafaka.

Gia alijipiga paja.

– Weee! Huyu kapotea kwenye nywele za watu bure!

Sifa zilimpanda Kinyozi kichwani. Aliinua kidole.

– Tena nchi imejaa, ndugu zangu.

– Imejaa? Gia aligeuka mzima mzima. Mimi lori langu likijaa najua, maana uzito wake umeandikwa ubavuni. Nchi imeandikwa wapi? Nionyeshe nikasome.

– Wakija watachukua kazi zetu.

– Soli alipokuja alichukua ya nani? alidakia Bi Birika. Kabla yake ulikuwa unatembea na kiatu kimefungua mdomo, tunaona vidole vinatusalimia.

Kinyozi alivuta mguu wake chini ya benchi. Soli ya kiatu kile ilikuwa kazi ya Soli.

– Suala hili linahitaji tume, alisema. Na tume itahitaji muda. Kwa hiyo kwa sasa jibu langu ni hapana.

Akanyoosha mkono kuomba kahawa. Bi Birika aliliweka birika upande wa pili wa ndoo.

– Nini sasa?

– Mbunge anayemnyima mwenzake dada yake hanywi kwangu.

– Mama, mimi ni Kinyozi! Tunaigiza!

– Ukimaliza kuigiza njoo.

Wote walicheka, na Soli alicheka nao. Lakini Kinyozi alikuwa amemwona kabla ya kicheko. Pale aliposema hapana, Soli alijibu “sawa, mheshimiwa” kwa sauti ya chini, akishusha macho, kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo kwenye madirisha mengi ya ofisi. Haikuwa sauti ya mazoezi. Kinyozi aliivua shuka, akaikunja, akasema mchezo umemchosha.

– Shida yao wale wabunge ni viti, alisema Gia. Viti vya bungeni ni laini mno. Mtu akikaa, mgongo unamwambia lala. Mimi kiti cha lori kilikuwa chuma kitupu, ndiyo maana sikuwahi kumgonga mtu.

– Uligonga mti, alisema Kinyozi.

– Nimesema mtu.

– Siyo viti, ni vipaza sauti, alisema Bi Birika. Ukisema hapana kinawaka, ukisema ndiyo kinakata. Ndiyo zote zimesemwa humo ndani, ila hazijasikika.

– Basi zinakwenda wapi hizo ndiyo?

– Zinashuka na waya chini ya sakafu.

– Haa! Gia alisogea mbele. Sasa nimeelewa. Kuna jamaa kaajiriwa kukaa chini kule na gunia, anazikusanya. Likijaa anapiga filimbi, wanavunja kikao.

– Na gunia anapeleka wapi?

– Hilo nisiulizwe mimi. Mimi lori langu lilibeba saruji.

Saa nne na dakika kadhaa gari la mbunge liliegeshwa. Mbunge alikata utepe, akabonyeza swichi, watu wakatazama juu. Kwa jua lile hakuna aliyeweza kusema kama taa imewaka. Walipiga makofi. Kisha mbunge alikuja kwenye benchi, akatoa mkono kwa kila mmoja, akamgeukia Soli.

Soli alisema maneno yake bila kukosea. Dada, watoto wawili, kura ya Alhamisi.

– Nimekusikia, alisema mbunge. Tutalifanyia kazi kwa wakati muafaka.

Gia alimchoma Kinyozi kiwiko.

– Kakuibia maneno.

Mbunge alikuwa ameshageuka kuondoka, akasita. Alivua miwani, akarudi hatua moja.

– Hebu niwaulize na mimi jambo. Tuseme kura imepita. Huyo dada kafika, jioni, ana watoto, ana mabegi. Usiku ule wa kwanza analala wapi?

Lilikuwa swali dogo. Gia alitazama taa. Bi Birika alifuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

– Mimi nimepanga kitanda, mheshimiwa, siyo chumba, alisema Soli. Tunalala wanaume wanne.

– Unaona, alisema mbunge, na hakusema kwa kejeli. Kila ninakopita naambiwa tuwapokee. Nikiuliza nani, watu wanatazama viatu.

Kinyozi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametunga kila aina ya hapana, hakuwa ameifikiria hiyo. Alikuwa anatazama kiatu chake. Akaona soli.

– Chumba kipo, alisema.

– Kipi? alishangaa Gia. Usiniambie kile!

– Twende nikione, alisema mbunge.

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka nusu, ukagoma. Mguu wa kiti ulidondoka na kubiringika hadi kwenye kiatu cha mbunge. Ndani kulikuwa na viti vya kunyolea visivyo na migongo, migongo isiyo na viti, vioo vilivyopasuka na mashine ya kukaushia nywele iliyolala chali. Mbunge alicheka mpaka akashika ukuta.

– Hapa hata paka anaomba ruhusa. Unavitoa lini?

Jibu la kwanza lilimfika Kinyozi mdomoni. Alikutana na macho ya Bi Birika, akalimeza.

– Mpaka Jumatano kitakuwa kitupu.

– Basi Jumatano nitapita kabla sijaenda bungeni. Nikikuta kitupu nitakuwa na la kusema nikisimama. Nikikuta viti, tusidanganyane.

Gari likaondoka.

– Umejifunga mwenyewe, kaka, alisema Gia. Viti vile vimeshaota mizizi.

– Nisaidie basi.

– Mgongo wangu mimi…

– Mgongo uliobeba saruji, alisema Bi Birika. Simama.

Jumatatu jioni ilithibitika kwamba taa inawaka. Jumanne vilitolewa viti, Kinyozi na Soli ndani, Gia nje akiwaelekeza kurudi kinyumenyume kama wanaegesha lori. Mke wa Kinyozi alisimama mlangoni, mikono kifuani, mpaka mashine ya mwisho ilipopita.

– Kumbe kulihitajika mbunge, alisema, akaingia na ufagio.

Ilibainika pia kwamba chumba kina dirisha. Kinyozi alikuwa amelisahau. Walipoingiza kitanda waligundua kwamba taa ya mbunge inamulika moja kwa moja kwenye mto, na Bi Birika akaenda kwake akaleta pazia.

Jumatano asubuhi benchi lilikaa mapema. Saa tatu mbunge hakuja. Saa nne hakuja.

– Yuko kwenye gunia, alisema Gia.

Hakuna aliyecheka. Soli alikuwa anapiga msumari kwenye kisigino, taratibu, kisigino kilekile tangu saa mbili. Kinyozi alinyoa mteja mmoja, akamkata vibaya nyuma ya sikio, akamwomba radhi.

Karibu saa tano gari likaja. Alishuka dereva peke yake.

– Mheshimiwa ameitwa kikaoni. Kanituma nione chumba.

Walimfuata wote, wakajibana mlangoni. Dereva alikalia kitanda, akakidundadunda. Alifungua dirisha, akalifunga. Alipiga picha mbili kwa simu, ya kwanza ikaingia kidole chake, akarudia.

– Atapiga ndiyo? aliuliza Soli.

– Mimi naendesha tu, ndugu yangu. Nimempelekea picha.

Walisimama pale wakisubiri. Simu ililia. Dereva alisoma, akawageuzia kioo wasome wenyewe. Lilikuwa neno moja: Nimeona.

– “Nimeona” ni ndiyo hiyo, alisema Gia.

– “Nimeona” ni nimeona, alisema Bi Birika.

– Ningekuwa mimi mbunge… alianza Kinyozi, akaacha.

Bi Birika alimimina kahawa iliyobaki. Ilitosha kikombe kimoja. Alikipita kiganja cha Gia kilichokuwa kimeshanyooshwa, akampa Kinyozi, cha kwanza tangu Jumatatu.

Saa tano na nusu gari lilikata kona kuelekea bungeni. Kinyozi alitoa ufunguo wa chumba cha nyuma kwenye kishada chake cha funguo, akampa Soli. Kura ni kesho.