Verdiana Hakuugua kwa Muda Mfupi

Marehemu Verdiana Makarius alizaliwa tarehe 9 Mei 1988 kijijini Vidunda, wilaya ya Kilosa, mtoto wa nne wa hayati Mzee Makarius na Mama Costancia. Alisoma shule ya msingi palepale Vidunda, sekondari Kilosa mjini, na mwaka 2010 akahitimu stashahada ya uchoraji kwa kompyuta mjini Morogoro. Wapo walionuna kuona mtoto wa kike anashinda mbele ya mashine. Leo wamekaa viti vya mbele.

Tangu 2013 alifanya kazi Mikumi, kwenye karakana ya miguu bandia. Mama alipomuuliza mguu unatokaje kwenye kompyuta, alimjibu: "Naanza na boksi, mama. Kila upande naugawa vipande vinne. Kisha kila kona inawaangalia majirani zake na kusogea katikati yao. Nagawa tena, zinasogea tena, mpaka boksi linakuwa laini kama goti." Mguu wa kwanza ulimbana mzee mmoja wa Kilangali. "Binti, huu umenitengenezea mimi au mjukuu wangu?" Verdiana alicheka mpaka machozi. "Nisamehe, babu. Umbo likilainishwa hunywea, nami nilisahau." Tangu siku hiyo alianza na boksi kubwa zaidi.

Alifunga ndoa na Bonifas Lupakisyo tarehe 20 Juni 2015, Mikumi, wakajaliwa Imani na Aneth.

Kuhusu ugonjwa, rasimu ya kamati ya mazishi ilisema "aliugua kwa muda mfupi". Dada yake Generoza, anayesoma wasifu huu, aliyafuta maneno hayo mpaka karatasi ikatoboka. Uvimbe wa titi ulionekana Septemba 2024, na daktari akaandika barua ya rufaa siku ileile. Ukoo ukaketi. Baba mdogo Herman akasema, "Kisu hakijawahi kumponya mtu wa ukoo huu." Shangazi akataka mizizi kwanza, mwingine maombi ya siku arobaini, Bonifas akataka wasubiri mavuno. Verdiana alitaka kwenda kesho yake. Wakamsogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka akawa anakubaliana na kila mtu. Generoza alikuwepo na alinyamaza, na hasira yake kubwa kuliko zote ni juu yake mwenyewe.

Barua ilikaa kabatini miezi tisa. Alipofikishwa hospitali, daktari aliuliza tu, "Mlikuwa wapi?" Verdiana alifariki tarehe 3 Agosti 2025, akiwa na miaka 37. Mnaosema ni kazi ya Mungu, mwacheni Mungu, msimsingizie.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, dada yake Generoza, na mdogo wao Lightness, ambaye juzi amepewa barua kama ile na ameruhusu jambo hilo lisemwe hapa. Hakutakuwa na kikao. Anaondoka kesho kwa basi la kwanza, na Generoza atakaa naye kiti kimoja. Mwenye neno la kumzuia asimame sasa, mbele ya jeneza hili, tumwone.

Verdiana apumzike kwa amani. Sisi wengine bado hatujaistahili.