Kabati la Mgeni Rasmi

Kila alasiri watu wakishasali, baraza ya Mkunazini haina pa kukaa. Borafya huwa keshatua birika lake la kahawa na sinia la kashata, na wenyewe wamo: Usi Waya, fundi redio anayejua kila chenye umeme na kisichokuwa nao, Kificho, mstaafu wa bandarini, waliyempa jina la Ripoti kwa kuwa hana habari isiyokuwa ya uhakika, na Simai, ambaye tangu achaguliwe kamati ya skuli hawamwiti ila Kamati. Siku hiyo Simai alifika amevimba. Binti yake, Wanu, alibakiwa na wiki tatu afanye mtihani wa Form Four, na kwenye mtihani wa majaribio fizikia kapata kumi na tisa kwa mia.

— Umeme wanachorewa ubaoni kwa chaki! alisema Simai, hata salamu hajatoa. Na vishikwambi arubaini vya skuli vimo kabatini! Unagusa kwa kidole, unaunga waya mle mle kiooni, taa inawaka, mtoto anaona. Miezi minane vimefungiwa!

— Kunywa kahawa kwanza, Kamati, alisema Borafya.

— Sitaki kahawa!

Akaipokea, akainywa kwa hasira, ikamuunguza ulimi.

— Vile vishaharibika, alisema Waya. Vikikaa bure betri inavimba. Siku watakayofungua, kabati litaripuka, mlango tutaukuta Forodhani.

— Betri gani, yakhe? alidakia Ripoti. Nna habari za uhakika. Yaliyobaki mle ni maboksi matupu. Vyenyewe viko hotelini Kendwa, wageni wanaagizia pweza.

— Umeviona?

— Kanambia mtu aliyeambiwa na mpishi.

— Basi pweza wa Kendwa anajua fizikia kuliko watoto wetu!

Baraza nzima ikacheka. Simai hakucheka. Mtoto anakesha na daftari, na watu wazima wanafanya mzaha! Alitamani awamwagie birika zima.

— Vimo! alipiga kelele. Nimeviona kwa macho yangu, hata nailoni havijavuliwa. Mwalimu Radhiya wa fizikia kaomba mara tatu avisomeshee. Kaambiwa havijazinduliwa, asubiri mgeni rasmi aje akate utepe.

— Ah! Hapo wana haki, alisema Ripoti. Kitu kama hicho hakiguswi mgeni hajafika. Utakula biriani ya maulidi kabla ya dua?

— Mtihani unangoja dua?

— Usinifokee miye. Nyinyi kamati mlisemaje?

Kamati ilikubali kusubiri, na Simai naye alinyanyua mkono pamoja na wenzake. Kila mtu alinyanyua. Nani angetaka aonekane hana adabu kwa wageni?

Pembeni alikuwa ameketi bwana mmoja wa Mangapwani, Anuar, aliyekuja mjini kwa shughuli zake na kupitia baraza ile kwa mara ya kwanza. Akaweka kikombe chini.

— Niwieni radhi, jamaa zangu, miye si mtu wa hapa. Huyo mgeni rasmi ni nani?

Waya akamtazama Ripoti. Ripoti akakohoa, akatazama barabarani.

— Kamati, alisema Borafya, si unaulizwa weye.

Simai aliukumbuka ule mkutano wa kamati mwanzo mpaka mwisho. Walibishana rangi ya utepe, wakabishana nani ashike sinia la mkasi, wakachagua hata wanafunzi wa kupiga matari. Jina la mgeni halikutajwa. Barua haikuandikwa.

— Hatujamwalika mtu, alisema.

— Miezi minane? aliuliza Anuar.

Safari hii hasira za Simai hazikuwa na wa kumwangukia.

— Nlinyanyua mkono, alisema. Wallahi nlinyanyua mkono huu huu, na sikuuliza nani.

Akavaa ndara zake, akaondoka bila kuaga. Alikuwa akienda nyumbani, na hakujua amwambie nini Wanu.