Tryphosa Nyangate Aweka Chini Futi Yake ya Kupimia

Ijumaa tarehe 26 Juni 2026, Bi. Tryphosa Nyangate anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Ogari hapa Nyakoe kwa miaka ishirini na minane. Aliingia mwaka 1998 akiwa karani wa stoo, enzi tulipokuwa tukiunda mageti na meza za kuwekea matangi ya maji. Anatoka akiwa mtaalamu ambaye shule nyingi za Kisii na Nyamira zinamwita tu Mama wa Ngazi.

Kwa wageni wetu wa leo, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Shule ikipoteza madarasa kwa upepo au maporomoko, huletewa madarasa ya muda kwa lori. Milima yetu haina uwanja tambarare, kwa hiyo darasa husimamishwa juu ya miguu ya chuma na mlango hubaki hewani. Mtoto atapandaje? Hapo ndipo Tryphosa alipoingia. Yeye ndiye aliyeandika vipimo vya ngazi na rampu, yaani njia ya mteremko: upana, kimo cha kila kipandio, urefu wa vishikio, na aina ya bati lisiloteleza. Mafundi walichomelea vipande hapa karakanani, wakaenda kuviunga kwa boliti kule shuleni kwa siku moja.

Kosa lake kubwa alitusimulia mwenyewe, na kila mfanyakazi mpya alilisikia kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Mwaka 2010 mwalimu mkuu mmoja upande wa Kenyenya alimtajia kimo cha mlango kwa simu, sentimita sitini. Tryphosa aliandika vipimo bila kwenda. Kumbe mlango ulikuwa sentimita tisini. Mafundi walilazimisha rampu ifike, ikawa kali kama paa. Wiki ya pili mvua ilinyesha, na mpishi wa shule, Edinah, akateleza na ndoo ya uji akavunjika mkono.

Hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo alikwenda kumwona Edinah nyumbani, amebeba sukari na mkungu wa ndizi. Edinah alipokea vyote kwa mkono mmoja, akamwambia, "Mama, chuma chenu hakina ubaya. Ubaya ni kwamba hukuja."

Tangu siku hiyo Tryphosa hakuandika kipimo cha ardhi ambayo hajaikanyaga. Tulimzoea na gambuti zake, pimamaji ndani ya mkoba, na chupa ya chai. Ngazi ikikamilika aliipanda na kuishuka akiwa amefumba macho. Mkandarasi wetu Ombok, mtu wa Homa Bay, alijifunza kwamba jua la Ijumaa likikaribia kuzama Tryphosa hapimi chochote hadi Sabato ipite, akaacha kubishana na kuanza kumletea omena, dagaa wa ziwani, Jumapili. Siku moja Bw. Ogari, mwenye karakana, alitaka rampu ifupishwe ili kuokoa chuma. Tryphosa alimketisha kwenye kiti cha magurudumu, akamwomba aipande mwenyewe rampu fupi aliyoitaka. Mzee alikwama katikati, akaanza kurudi nyuma. Kesho yake rampu ilirefushwa.

Lakini kazi ambayo hakuisahau ni ya Sironga, mwaka 2019. Darasa la muda lilikuwa limewekwa ukingoni mwa uwanja, karibu na ua, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Lavender wa darasa la nne, anayetumia kiti cha magurudumu. Rampu ya kumfaa ilihitaji mita kumi na mbili. Hadi kwenye ua zilikuwa mita saba. Mwalimu mkuu alisema iwe kali tu, wenzake watamsukuma.

"Na siku wenzake wamechoka?" Tryphosa aliuliza.

Nyuma ya ua lilikuwa shamba la majani chai la Mzee Machogu. Tryphosa alimwendea mara ya kwanza na barua, akakataliwa. Mara ya pili alienda na mchoro, akakataliwa tena. Mzee alisema aliwahi kuombwa kipande cha shamba kwa muda, na muda huo haujaisha hadi leo. Mara ya tatu alienda mikono mitupu, akajifunga kikapu na kuchuma chai naye asubuhi nzima.

Saa sita mzee alikaa chini. "Unataka mashina mangapi?"

"Kumi na tisa, mzee."

"Na huyo mtoto ni wa nani?"

"Ukoo wake siujui. Ninachojua ni kwamba anabebwa kila asubuhi, na hapendi."

Mzee aliinuka kwenda kutafuta panga. Ua ulihamishwa wiki hiyohiyo.

Siku ya kwanza Lavender alipanda peke yake. Alipofika juu hakuingia darasani. Aligeuza kiti, akatazama mashamba ya chai yaliyoshuka hadi mtoni. Mwalimu alimwita. "Niache kidogo," alisema, "sijawahi kuyaona kutoka juu." Tryphosa alikuwa chini, ameshika mkoba wake.

Alizoea kutuambia kwamba ngazi ya muda imefaulu siku inapong'olewa. Nyingi hazikung'olewa, na jambo hilo lilimsononesha kuliko alivyokiri. Januari mwaka huu madarasa ya kudumu ya Sironga yalikamilika, na akaomba kwenda na mafundi kuifungua rampu ile. Mzee Machogu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita. Lavender yuko sekondari. Boliti ya mwisho ilipotoka, Tryphosa alisimama kwenye ukanda mtupu pale mashina kumi na tisa yalipokuwa. "Nilitaka mzee aone tumerudisha," alisema. Aliomba miche kwa mjane wake, akaipanda mwenyewe jioni ile.

Wiki mbili zilizopita, Tryphosa akiwa katika likizo yake ya mwisho, mwandishi wa maneno haya alikwenda kupima shule moja Nyamira bila yeye. Mwalimu mkuu alimsalimu vizuri, kisha akachungulia ndani ya gari, kiti cha mbele na cha nyuma. "Mama hakuja?" aliuliza. Alipoambiwa kwamba mama anastaafu, alisema, "Basi pima polepole."

Mama Tryphosa, kwa niaba ya stoo, mafundi na ofisi, mbuya mono, yaani asante sana. Mungu akupe afya, miguu isiyouma na majirani wema, na uione miaka mingi ukiwa na wako. Tunakutakia mapumziko mema. Sisi huku tutakuwa tukipima polepole.

Gibson Bosire
Ofisi ya Michoro