Fundi wa Lifti Aliyeogopa Akasema

Kila asubuhi ya kazi, kwa karibu miaka kumi na moja, marehemu baba yetu alifungua geti dogo la nyumbani, akatoa kichwa nje, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akalifunga na kurudi ndani. Alikunywa maji nusu glasi akiwa amesimama karibu na jiko. Baada ya hapo alitoka moja kwa moja bila kugeuka. Fundi redio wa nyumba ya pili alikuwa akimtania, "Fundi, leo umesahau nini tena, meno?" Marehemu alimpungia mkono na kucheka. Jirani alidhani ni usahaulifu wa mtu mwenye mambo mengi. Haukuwa usahaulifu. Baba alikuwa anaogopa, na familia imeona ni haki jambo hilo lisemwe leo, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mshona viatu na mama mkunga. Kwa maelezo ya shangazi yetu mkubwa, alikuwa mtoto wa kujificha. Radi ikipiga yuko uvunguni, mgeni akibisha hodi yuko nyuma ya mlango, kuku akichinjwa haonekani mpaka jioni. "Sisi tulimwita Uvungu," shangazi anasema. "Ukimtaka, unainama."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari, na mwaka 1973 akapata cheti cha umeme na mitambo katika chuo cha ufundi. Kuna kisa cha darasa la tano ambacho ndugu zake hawachoki kukisimulia. Mpira ulivunja kioo cha ofisi, na mwalimu akamkamata mtoto wa mpishi wa shule, ambaye siku hiyo hakucheza kabisa. Fimbo ilipoinuliwa, marehemu alisimama, akatembea mpaka mbele, akatapika juu ya viatu vya mwalimu, akajifuta mdomo na kusema, "Samahani, mwalimu. Ni mimi." Mwalimu aliangalia dirisha, akaangalia viatu vyake. "Sasa una kesi mbili," akamwambia.

Tarehe 1 Aprili 1974 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti katika hospitali kubwa yenye ghorofa nane na lifti nne. Aliyemtafutia nafasi hiyo alikuwa rafiki yake wa chuoni, ambaye baadaye alipanda cheo na kuwa mkuu wa karakana. Rafiki huyo alikuwa na dada, mwalimu wa chekechea. Marehemu alimwona mara ya kwanza alipomletea kaka yake chakula kazini, na kwa miezi minne hakuthubutu kumwambia lolote zaidi ya "Shikamoo", ingawa dada huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto wanne.

Pale karakana aliitwa Fundi Ngoja. Watu wawili wakianza kugombana, yeye alisema, "Ngoja kwanza," akawaketisha kwenye makasha ya vipuri, kisha akawapa sharti lake. Kila mmoja aeleze kwanza kesi ya mwenzake, na aieleze vizuri mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo yenyewe. Wengi walishindwa katikati na kuanza kucheka. Mwaka 1985 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi aliongoza kamati ya upatanisho. Wapo hapa wanandoa waliokaa kwenye sebule yetu wakiwa hawatazamani.

Lakini mwaka 1983 alifanya kosa ambalo hakulisahau. Mafundi wawili waligombana vikali. Mmoja alidai kwamba mwenzake amefunga waya kwenye swichi ya mlango, lifti iweze kutembea mlango ukiwa wazi. Mwenzake alikana, wakakaribia kupigana. Marehemu aliwasemesha taratibu, wakapeana mikono, wakanywa chai pamoja. Hakupanda juu kuangalia ile swichi, maana aliona kwenda kuangalia ni kuchokonoa ugomvi uliokwisha kulala. Miezi minane baadaye mbeba wagonjwa mmoja alifungua mlango wa ghorofa ya tatu, akakanyaga hewa. Hakufa, ila nyonga haikupona sawasawa. Marehemu alimtembelea kila wiki mpaka alipotoka wodini. Alikuwa akituambia, "Niliwapatanisha watu, waya nikauacha palepale. Ile haikuwa amani. Ulikuwa ukimya tu."

Mwanzoni mwa mwaka 1996 aligundua kwamba breki za lifti namba mbili zimelika. Aliandika kwa mkuu wa karakana, yaani shemeji yake, mara tatu, akitaka lifti ifungwe mpaka vipuri vya kweli vipatikane. Vilivyoletwa vilikuwa bandia, na aliyevileta alikuwa mtu mwenye marafiki wakubwa. Lifti haikufungwa. Jumatano, tarehe 12 Juni, saa nane mchana, ilishuka bila kusimama kutoka ghorofa ya sita. Ndani alikuwamo mhudumu wa usafi na toroli lake la mashuka. Alikuwa mama wa watoto wawili. Alifariki siku ileile.

Siku tatu baadaye mkuu huyo wa karakana, mjomba wetu, alikuja nyumbani. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alikuwa mezani akifanya hesabu za shule, na wakubwa walimsahau pale.

"Shemeji, tume ya uchunguzi itakuita," mjomba alisema. "Sema toroli lilizidi uzito. Basi."

"Mashuka?"

"Mashuka mabichi ni mazito."

"Nilikuandikia mara tatu."

"Barua hazipo. Zimepotea. Na yule mama hawezi kufukuzwa kazi tena, Mungu amrehemu. Mimi naweza. Wewe unaweza."

"Ana watoto. Wataambiwa mama yao alikufa kwa uzembe wake."

Mjomba alisogeza kiti. "Mimi nakuomba kama ndugu. Wenzangu hawana tabia ya kuomba."

Kaka anakumbuka kwamba baba aliificha mikono yake chini ya meza.

Baba alikwenda kwa mchungaji wa wakati ule, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Mchungaji alimsihi anyamaze kwa ajili ya umoja wa familia na kanisa. "Wewe ni mtu wa amani," alimwambia. "Mbona sasa unataka kuwasha moto?" Marehemu alijibu, "Mchungaji, mimi sina kiberiti. Nimesema tu nanusa moshi." Mchungaji alikubali kuomba naye. Maombi ya baba siku hiyo yalikuwa mafupi, na mchungaji aliyarudia miaka mingi baadaye: "Bwana, nipe ujasiri. Kama hakuna, nipe miguu tu."

Jumanne, tarehe 3 Septemba 1996, alisimama mbele ya tume. Alitapika kwanza, safari hii chooni. Kisha akatoa nakala za barua zake tatu, alizokuwa amezinakili kwa kaboni, akaeleza zilikwenda kwa nani na lini. Alimtaja shemeji yake kwa jina na kwa cheo.

Nyumbani hakuwa amemwambia mtu. Mama yetu alizipata habari hizo siku hiyohiyo mlangoni mwa chekechea, kwa mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe. "Mwalimu, kumbe mumeo ndiye amemchoma kaka yako?" Mama alikuwa ameinama akimvisha mtoto kiatu. Alimaliza kukifunga kamba. Jioni ile alifungasha nguo, akamchukua mtoto wa mwisho, akaenda kwa bibi, mama yake mzazi. Alimwambia marehemu maneno haya tu: "Watu wa mji mzima wanakuja kwako uwasikilize. Mimi nimeambiwa na mzazi wa mtoto, mlangoni."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu ya nyumbani ililia, na aliyepiga hakusema kitu, alipumua tu. Pikipiki ileile ilisimama ng'ambo ya barabara kila watoto wakitoka shule, dereva hajavua kofia, injini haijazimwa. Baba aliwafundisha njia tatu za kurudi nyumbani na kuwaambia wasitumie moja mara mbili mfululizo. Mapazia hayakufunguliwa mchana. Kazini watu walihama meza alipokaa kula. Hawakuwa wabaya, walikuwa na watoto wao.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, alipanda kwenye chumba cha mashine juu ya ghorofa ya nane kutia mafuta, na mlango ukafungwa kwa nje. Alikaa humo saa nne. Chini yake lifti ziliendelea kupanda na kushuka, na kila nyaya zilipoanza kukimbia alidhani kuna mtu anakuja. Mara mbili alisikia hatua zikifika mpaka mlangoni, zikasimama, zikaondoka bila neno. Alipofunguliwa na mfagiaji wa zamu ya jioni, alikuwa amejikojolea. Mfagiaji huyo alimwazima suruali yake ya kazi, na baba alirudi nyumbani nayo, fupi, ya kijani. Alikuwa akikisimulia kisa hiki mwenyewe kwenye kamati ya upatanisho, hasa mbele ya watu waliojiona mashujaa.

Bibi ndiye aliyepata habari kwanza, kwa mfagiaji huyohuyo, akamwambia mama. Mama alifika na mzigo wake kabla giza halijaingia. Aliitazama ile suruali kwa muda, akatua mzigo, akasema, "Vua niifue. Ya watu hiyo." Walikuwa wametengana kwa wiki sita na siku tatu. Jumatatu iliyofuata baba alianza ile desturi ya geti. Hakuacha kazi. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2007, na lifti zote nne zikifanya kazi.

Tume ilitoa majibu mwezi Februari 1997. Ilisema kwamba mhudumu wa usafi hakuwa na kosa lolote, na watoto wake wawili walipewa haki zao pamoja na barua inayosema hivyo. Mkubwa wao ni muuguzi sasa, na leo ametuletea shada la kwanza. Mjomba alifukuzwa kazi. Aliyeleta vipuri hakuguswa.

Mjomba hakusema na baba kwa miaka minane. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, marehemu alitoka kanisani na kwenda kubisha mlango wa shemeji yake. Mara nyingi hakufunguliwa. Mara nyingine mke wa mjomba alimletea maji ya kunywa palepale kizingitini, kwa aibu. Marehemu alisema neno lilelile kupitia mlango: "Shemeji, sijaja kufuta nililosema. Nimekuja kukuona." Kisha alisubiri dakika chache na kuondoka.

Mwezi wa tano mwaka 2005 mlango ulifunguliwa. "Ingia," mjomba alisema, "majirani wanadhani nina deni." Walikaa. Mjomba akasema, "Haya, Ngoja, na lile sharti lako la makasha." Akaanza yeye. "Kesi yako ni hii. Uliniandikia mara tatu, nikazichana barua kwa sababu na mimi nilikuwa na watu wa kuwaogopa. Halafu nikataka uogope watu wangu badala yangu." Marehemu akakubali kwamba ndiyo yenyewe. Kisha akasema ya mwenzake: "Kesi yako ni hii. Ulinipa kazi, ulinipa dada yako, na siku niliyokutaja mbele ya tume nilitazama sakafu. Sikukutazama usoni." Mjomba alilia. Mwanawe anasema walikula chakula cha mchana saa kumi na moja.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, ghorofa ya tano ya hospitali ileile aliyoitumikia. Aliposukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuingia lifti, alimuuliza mwendeshaji, "Mwanangu, breki zilikaguliwa lini?" Asipopata tarehe kamili, aliomba arudishwe nje, na foleni nzima ilisubiri mpaka daftari liletwe. Tuliona haya sana. Mjomba ndiye aliyekuwa akimsukuma siku za Alhamisi. Hali yake ilibadilika mwezi Februari mwaka huu, na alifariki dunia Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mke, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu sita, dada wawili, kaka mmoja, na shemeji, ambaye ameomba aketi safu ya mbele, na familia imeridhia. Mungu aliyeujua woga wake wote ampokee, ampumzishe.

Wiki moja kabla hajafariki, binti yake wa mwisho, anayesoma maneno haya, alikuwa naye peke yake wodini. Kwa miaka mingi alikuwa na swali moja, na hakuwahi kuliuliza.

"Baba, ingekuwa leo, ungesema tena?"

"Ningesema," alijibu. "Ila ningemwambia mama yako kwanza."