Bi Foleni Aachia Mabenchi ya Korido

Mkuu wa Kitivo cha Sayansi za Jamii alitangaza Jumatatu kwamba mratibu wa Wiki ya Wanafunzi wa Sekondari atastaafu Ijumaa, tarehe 29 Juni, baada ya miaka ishirini na saba kazini. Papo hapo aliongeza kwamba nafasi yake haitajazwa, na kwamba kamati itaamua kama Wiki yenyewe iendelee au ifutwe. Tangazo la kwanza lilipigiwa makofi. La pili lilipokewa na watu waliokumbuka ghafla kuangalia simu zao.

Mstaafu wetu, anayejulikana kuanzia getini hadi maktaba kama Bi Foleni, hakuja hapa kufundisha. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Katika mwaka wake wa tatu alitumwa kugawa karatasi kwenye mhadhara wa kwanza ulioandaliwa kwa ajili ya kidato cha tano, ili vijana waonje sayansi za jamii kabla ya kuchagua masomo ya chuo. Profesa alieleza nadharia kwa saa tatu. Alipokaribisha maswali, binti mmoja wa mstari wa mbele alisimama. "Shikamoo, profesa. Hii itatoka kwenye mtihani?" Alipoambiwa haitatoka, wanafunzi thelathini na sita walifunga madaftari kwa mpigo mmoja. Mpiga chapa aliomba akabidhiwe watoto hao mwaka uliofuata. Kitivo kilikubali upesi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka.

Hakuwapa mhadhara. Aliwaketisha kwenye mabenchi ya korido, mkabala na dirisha la usajili, kila mmoja na daftari na saa, waandike nani amefika, nani amehudumiwa na baada ya muda gani. Walinung'unika kwamba huo si usomi, ni umbea. "Umbea hauna dakika, wanangu," aliwajibu. "Andikeni dakika."

Kufikia mchana walikuwa na matokeo. Mwenye tai alisubiri dakika tisa kwa wastani. Asiye na tai, arobaini na moja. Aliyemwita karani "shemeji" hakusubiri kabisa. Karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na msajili akaibandua kabla ya saa tisa, akisisitiza kwamba kitivo cha sayansi za jamii si mahali pa kuchunguza watu. Wiki mbili baadaye dirisha lilianza kugawa namba. Mwisho wa mwaka ofisi ya msajili ilipewa tuzo ya huduma bora, naye akahutubia kwa dakika kumi na nne kuhusu ubunifu wake. Tunaijua idadi hiyo kwa sababu Bi Foleni alikuwepo.

Miaka iliyofuata vijana walipima vikao vya kitivo. Waligundua kwamba watu watatu humaliza robo tatu ya muda, na kwamba wawili kati yao huanza kwa kusema hawana mengi. Kisha wakampima yeye. Kwa kila msichana aliyeruhusiwa kuuliza swali, wavulana wawili walikuwa wameshauliza. Alikana, tena kwa ukali. Wakamfungulia madaftari. Akabandika karatasi ya matokeo hayo kwenye mlango wake, upande wa nje, na hadi leo ipo.

Wanafunzi 1,140 wamepita mikononi mwake. Kati yao, 212 walirudi kusoma hapa, na watatu sasa ni wahadhiri wetu. Kwenye orodha ya watumishi yeye bado ni mpiga chapa, na cheti atakachokabidhiwa Ijumaa kinasema hivyo.

Asante, Bi Foleni, kwa kutuzoesha kuhesabu kabla ya kusema. Tunakuombea magoti yasiyouma, majirani wenye visa vya kutosha, na zamu yako ifike mapema popote utakapopanga foleni.

Kamati itaketi Alhamisi, tarehe 12 Julai, kuamua kama wanafunzi waje. Barua za kuwaalika zilitoka wiki iliyopita; mpiga chapa wetu alizipeleka kusainiwa ndani ya jalada lenye barua nyingine sitini. Mkuu wa kitivo amethibitisha kwamba saini ni yake. Vijana hamsini na wawili watafika Jumatatu, tarehe 9, saa mbili asubuhi, na watapokelewa na wale wahadhiri watatu. Zoezi lao la Alhamisi, kwa mujibu wa ratiba iliyoambatishwa, ni kuhudhuria kikao cha kamati, wakiwa na daftari na saa.